Jina la Rehani

Nakijwa alikuwa amechoka kuitwa majina matatu kama yuko mahakamani. Lakini tangu aweke rehani jokofu lake la biashara, sheria ilimtaka aitikie jina moja tu, lile kamili lililosajiliwa kwenye mkopo, ili mkopeshaji mwingine akimtafuta kwenye daftari la rehani asimkose. Kifaa kilichofungwa juu ya mlango kilisikiliza kutwa. Ukiitikia jina jingine, unahesabiwa umejificha, na mali inachukuliwa.

Majirani waliacha kumwita Mama Mbonea. Mumewe naye akaacha "mke wangu." Mbonea mwenyewe alipoanza kusema, jina hilo la mkopo ndilo alilofundishwa kwanza.

"Nakijwa Elifuraha Mshana, nina njaa."

"Haya baba, njoo ule."

Akazoea. Mtu atafanyaje?

Leo asubuhi deni liliisha. Fundi akaja, akang'oa kile kifaa, akaenda zake bila hata kufagia vumbi alilomwaga. Nakijwa akachuchumaa mbele ya mwanawe.

"Kuanzia leo uniite mama. Umesikia?"

Mbonea akacheka kwa aibu, akakimbilia nje kucheza. Nakijwa akarudi jikoni kukanda unga wa chapati, mabega yakimuuma.

Mara kikasikika kishindo uani, kisha kilio.

"Mama! Mama!"

Akaendelea kukanda. Kilio kilipozidi akasonya, akamlaumu moyoni huyo mama, popote alipo, anayemwacha mtoto alie vile bila kutoka kumtazama.