Alama ya Reli

Tangu asubuhi Nelima, fundi wa kompyuta, alikuwa amewasha upya seva ya kliniki ya Makina mara sita, na bado haikuandika ni nani anayefungua mafaili ya wagonjwa.

"Kwani bado unapigana na hiyo mashine?" daktari mwenye kliniki aliuliza mlangoni. "Si tunajua ni yule dada wa mapokezi alitoa siri za watu? Nishamfuta kazi."

"Nipe dakika mbili tu, daktari."

Nelima akafungua tena faili la mipangilio ya seva na kulisoma mstari kwa mstari, kidole kikigusa skrini. Kwenye mstari wa kumi na nne kidole kikasimama. Mbele ya agizo la kuweka kumbukumbu ya wanaofungua mafaili palikuwa na alama ya reli, #, ile inayoiambia mashine iuruke mstari mzima.

Hakuiweka yeye. Tarehe ya faili ilionyesha lilibadilishwa Jumatatu, siku moja kabla ya siri kuvuja, na nywila ya seva waliijua wawili tu, yeye na daktari.

Nelima akaiondoa alama, akahifadhi, kisha akageuza skrini kuelekea mlangoni.

"Daktari, hebu kuja uone kitu."