Daftari la Dinah

Wiki mbili nzima Kiarie alitafuta kasoro ndani ya kompyuta, kumbe kasoro yenyewe ilikuwa imevaa sweta ya bluu na inakunywa chai.

Dinah alikuwa karani wa bohari ya dawa mjini Bungoma. Kiarie naye alikuwa amepewa kandarasi ya kuunganisha mifumo miwili isiyojuana, wa bohari hiyo na wa kliniki moja ya Kitale. Daktari akiandika dawa Kitale, agizo liingie Bungoma lenyewe, kibandiko kichapwe, chupa ipakiwe, gari la vifurushi liondoke. Mkono wa mtu usiguse kitu. Lakini kila agizo la dawa ya maji lilikwama Bungoma saa nzima, na siku za soko la Chwele, bohari ikijaa wateja, lilingoja hadi kesho yake.

Kuchelewa huko kulimuuma Kiarie kuliko kandarasi yenyewe. Binti yake Nyaruai, wa miaka minne, alikuwa na kifafa, na dawa yake ilipitia njia hiyo hiyo. Mwezi uliopita chupa ilichelewa siku moja tu, mtoto akaanguka mara tatu jikoni kwao Matisi, mtaa wa Kitale, mamake akimshikilia kichwa. Kiarie aliapa hayo hayatarudi tena.

Sasa amemnasa mtu wake. Dinah alikuwa akifungua maagizo ya Kitale mojamoja na kubadilisha namba kabla ya kuyapitisha. Daftari lake lilikuwa wazi mezani, bila haya. Tano, moja. Kumi, mbili. Kumi na tano, tatu. Kitale wanaomba nyingi, mama huyu anapitisha kidogo. Na nani hakujua kwamba dadake ana duka la dawa kule Chwele? Kiarie alilinyakua daftari.

"Injinia, si ukae kwanza nikueleze," Dinah alimwambia polepole. "Hizo namba zenu huwa zinakuja vibaya. Mimi ndiye huzirekebisha."

"Unazirekebisha, ama unazipunguza?"

"Nazipunguza, ndiyo. Lazima nipunguze, kwa sababu..."

Kiarie hakungoja sababu. Za wezi alikuwa amezisikia za kutosha. Alilibeba daftari hadi kwa Mzee Walubengo, mwenye bohari, ambaye alipitisha kidole kwenye kurasa mbili na kutikisa kichwa. Kazi ya miaka kumi na moja ikaisha kabla chai haijapoa. Dinah alichukua kikombe chake, akaomba pale mlangoni kwamba angalau wampigie simu daktari wa Kitale. Hakuna aliyempigia.

Kiarie aliketi kwenye kiti cha Dinah na kufunga kwenye kompyuta ile njia aliyokuwa akiitumia kufungua maagizo na kubadilisha namba. Namba ya Kitale sasa ingeingia Bungoma vile ilivyo.

Agizo la kwanza kupita lilikuwa la Nyaruai mwenyewe. Asubuhi hiyo, kabla Kiarie hajaja Bungoma, daktari wa Kitale alikuwa amembadilishia dawa, mililita tano, yaani kijiko kimoja kidogo, asubuhi na tano jioni, na Kiarie alikuwa amemwona kwa macho yake akiandika. Alisimama kando ya mashine saa yake mkononi. Kibandiko kikatoka, kikabandikwa, chupa ikafungwa, gari likaondoka. Dakika nne tu. Alicheka peke yake kama mwendawazimu, na Mzee Walubengo akampa mkono.

Saa kumi na moja jioni Rosaline, mkewe, alimpigia kutoka Matisi. Alikuwa na furaha ambayo Kiarie hakuwa ameisikia kwa miezi.

"Baba Nyaruai, dawa imefika mapema, bana, Mungu ni mwema. Na leo hata hajanisumbua, amemeza vijiko vyote vitano vile wameandika. Sasa amelala fofofo. Namwita hata haitiki."