Swali la Safari

Kwa mara ya tatu alibadilisha kioo chenye tone la damu, akafuta lenzi, akainama tena kwenye hadubini. Vijidudu vya malaria vilikuwa palepale, vipete vidogo ndani ya damu ya mkewe, tena vingi.

Angekuwa mgonjwa mwingine, angegonga mhuri na kumwita anayefuata. Huyu alimficha. Aliikunja fomu akaitia mfukoni, akawaambia wenzake kwamba mama watoto ana mafua tu. Masikio yalimwaka kwa aibu.

Mji wao uko juu milimani, mji wa makoti. Kwa miaka kumi na tisa aliyokaa kwenye maabara ile, kila mwenye malaria alikuwa ametoka bondeni, kwenye joto. Ndiyo maana fomu ilikuwa na swali lake: umesafiri wiki hizi? Jibu lilikuwa ndiyo, siku zote. Mtaani walimwita Hadubini kwa sababu hakuna kilichompita, na jina lilimkaa vizuri.

Bondeni ndiko alikoishi mume wa kwanza wa mkewe.

Na wiki mbili kabla ya homa ile, Hadubini alikuwa ameenda semina ya siku tano. Siku mbili kati ya hizo simu ya mkewe haikupatikana. Aliporudi aliambiwa kwamba simu iliingia maji, akaamini. Sasa, huku mgonjwa amelala, aliupekua mfuko wa mkewe wa vitambaa vya kushonea, na chini kabisa akakuta chandarua kipya, bado kimo kwenye karatasi yake. Mtu wa mji wa baridi anafanya nini na chandarua?

Alimpa dawa, akangoja homa ishuke, halafu akamuuliza.

"Sijavuka hata daraja la hapo chini, baba watoto," mkewe alisema. "Chandarua nimenunua kwa ajili yetu. Nilikificha kwa sababu nilijua utanicheka."

Na kweli angemcheka. Mbu wa pale, alipenda kusema, ni waimbaji tu, hawana kazi nyingine. Lakini siku hiyo hakucheka. Alijiona mjinga kuliko wajinga wote, mtu anayesoma damu za watu wakati kwake panaungua. Akaanza kwenda kazini kwa njia ya nyuma. Kwa kinyozi hakwenda tena, maana kinyozi angeuliza habari za nyumbani.

Mwishowe alimpigia simu kaka wa mkewe aje amchukue dada yake.

Shemeji alikuja na gari la mizigo. Walipakia cherehani na sanduku la nguo huku wakitokwa na jasho, jambo geni kwa msimu ule, na majirani wakajifanya wanaanua nguo ili waone vizuri. Binti yao wa miaka saba alikaa kwenye ngazi na mkoba wa shule magotini. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

"Shemeji, dada anaapa hajatoka hapa," yule kaka alisema kwa upole. "Mimi namjua. Hana uongo."

"Damu haijui kuapa, shemeji," Hadubini alijibu, tena kwa sauti, majirani wasikie. "Niliiona kwa macho yangu mara tatu."

Mkewe aliinamisha uso mbele ya watu wote. Hakujitetea tena. Hadubini aliitazama haya ile usoni mwake, akaihesabu kuwa ni kukiri, na usiku huo alilala usingizi wake wa kwanza wa kutosha.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja kidole kilipenya kwenye kidirisha cha maabara. Alikichoma, akachukua tone lake, akaenda kulitazama. Vipete. Akatikisa kichwa: mwingine wa bondeni. Ila kwenye fomu, pale pa swali la safari, palikuwa patupu. Alichukua kalamu akatoka kwenda kujaza mwenyewe.

Kwenye benchi waliketi wanaume wawili wamebanana. Mmoja alikuwa anatetemeka ndani ya blanketi. Mwenzake, mnene, alikuwa amefunga koti la mvua hadi shingoni.

"Umesafiri wiki hizi?" Hadubini alimuuliza mgonjwa.

Mgonjwa alimtazama mwenzake. Yule mnene aliangua kicheko, akainua mkono kujifuta machozi, na mkono wa mgonjwa ukainuka nao, yote miwili imefungwa kwa pingu moja.

"Asafiri wapi, daktari? Huyu ana mwaka wa sita hajavuka geti la gereza letu la hapa mjini."