Ngurumo Chini ya Kisima

Udongo ulikuwa umemfika kifuani. Rafaeli alijaribu kupiga kelele. Ikatoka pumzi tu.

Saa nzima ilikuwa imepita tangu ukuta wa kisima ubomoke. Alikuwa chini akichimba, wenzake juu wakivuta ndoo. Mbao mbili zilikwama juu ya kichwa chake, zikauzuia udongo, zikamwachia nafasi ya kichwa na mkono mmoja. Kupitia upenyo mdogo aliwasikia watu wa kijiji cha Milepa wakizungumza.

"Huyu amekwisha," alisema Masanja, mwenye shamba. "Tukichimba na sisi tutazikwa. Tumfukie hapa hapa, tuweke msalaba."

Wenzake wakashika makoleo. Udongo wa koleo la kwanza ukaangukia mbao.

Kwa jinsi kifua kilivyobanwa, kuita kulimshinda. Ndipo alipokumbuka kunguruma. Kunguruma hakutaki pumzi nyingi. Kunatoka kooni, chini kabisa. Yeye na rafiki yake Isdori walijifunza miaka mitatu nyuma, mwaka 1996, redio za kaseti zilipojaa madukani Sumbawanga, na fundi mmoja wa maji kutoka Ulaya akamwachia Rafaeli kaseti ya deth metali, muziki ambao mwimbaji hunguruma badala ya kuimba. Wengine walisikia makelele. Wao wawili walisikia gitaa mbili zikiimba juu ya ile ngurumo, tamu na zenye majonzi kama nyimbo za Ijumaa Kuu.

Baba yake, mzee Fransisko, katekista, alisikia mashetani. Aliichukua kaseti, akasema ameitupa chooni. Tangu siku ile baba na mwana walibakiwa na salamu tu.

Rafaeli alinguruma.

Juu koleo likaanguka chini. Kisha mtu akapiga yowe: "Shetani! Kisima kina shetani!" Miguu ikatimua mbio.

Sasa hakuwa hata na wa kumzika. Mbao zikalia, udongo ukamgusa kidevu. Akafumba macho, akaanza kunguruma kiitikio alichokipenda kuliko vyote. Hakuwa akiomba msaada tena. Alitaka tu afe nacho mdomoni.

Alipomaliza mstari wa kwanza, alijibiwa.

Ilikuwa ngurumo ya kukwaruza, ya mtu asiye na mazoezi, lakini mstari wa pili ulikuwa ndio wenyewe. Rafaeli akatokwa na machozi. Isdori! Nani mwingine Ufipa nzima angeujua?

Akaimba, akajibiwa. Kati ya mstari na mstari alisikia koleo likichimba, tena peke yake, bila kupumzika. Kila alipoishiwa nguvu, sauti ile ilimwanzishia ubeti mpya. Hata ubeti wa tatu, ambao yeye na Isdori hawakuwahi kuushika, sauti ile iliuimba wote hadi mwisho.

Hatimaye ubao ukang'olewa. Jua likampiga usoni, hakuona kitu. Mikono miwili ikamfukua hadi kiunoni, ikamshika makwapani, ikamvuta.

"Isdori," alinong'ona, "ndugu yangu."

"Isdori yuko Kipili, ziwani, tangu Jumatatu," alisema mzee Fransisko, koo limemkauka kwa kunguruma. "Kaseti sikuitupa. Pumua, mwanangu."