Mtu wa Kumi Mlimani Gerizimu

Neno la kumi halikupata mtu. Mwalimu Gershon alirudia tena, akiwapitia wanafunzi wake kwa kidevu, neno moja la aya kwa kila kichwa, maana Wayahudi hawahesabiani kwa namba kama mbuzi. Neno la tisa lilimwangukia yeye mwenyewe. La kumi likabaki hewani.

"Elkana na tumbo lake!" alifoka. Elkana alikuwa amekula samaki wa jana, na asubuhi wakalazimika kumshusha njiani kwa dada yake.

Kwa Kadishi, sala ya kumkumbuka marehemu, sharti wapatikane wanaume kumi wa Kiyahudi. Leo mama yake Gershon alikuwa ametimiza mwaka kaburini, na jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Kitandani alipofia, mama alimshika mkono akamwambia, "Kadishi yangu ya mwaka ukaisomee Gerizimu. Kuna upepo mzuri." Mlima wa Wasamaria! Gershon aliyaona kuwa maneno ya homa, lakini ahadi ni deni. Kwa kuona haya, akaifunika ahadi hiyo kwa safari ya masomo: kuwafahamu jirani zetu Wasamaria.

Na asubuhi aliwafahamisha kweli, tena uani kwa mwenyeji wao Lutfi, Msamaria wa rika lake mwenye tarbushi nyekundu, aliyekuwa akiwamiminia kahawa.

"Wanasoma Torati, wanashika Sabato kuliko baadhi yenu," alisema Gershon, "lakini si Wayahudi. Kwao mtoto ni wa baba, kwetu ni wa mama. Mama akiwa Myahudi, mtoto ni Myahudi hata akizaliwa mwezini. Mama asipokuwa Myahudi, hata mtoto afuge ndevu mpaka magotini, hatumhesabu."

Lutfi alitabasamu tu, akaendelea kumimina.

Sasa ndevu za Gershon zilikuwa zimejaa vumbi. Tangu saa nane askari walikuwa wamefunga barabara, haingii mtu wala hatoki. Alishuka kwa miguu mpaka kizuizini. Askari mmoja alikuwa Mdruzi, mtu wa dini nyingine, hafai kuhesabiwa. Wa pili alikuwa Myahudi, naye akamjibu kwamba haachi lindo lake hata aje Musa mwenyewe na fimbo yake. Akapanda tena mlima akihema. Dereva wa basi, Mwislamu mwenye moyo mwema, akamwambia, "Mwalimu, nipeni mimi kofia, nisimame nyuma. Nani atajua?"

"Mungu!" Gershon alimkaripia.

Mwanafunzi wake Naftali akajikuna kichwa. "Je, tukimchukua Bwana Lutfi?"

"Asubuhi ulikuwa umelala, wewe?"

Gershon alipiga jiwe teke, akajiumiza kidole, akaketi chini. Alikuwa na hasira na Elkana, na askari, na mlima, na zaidi ya wote mama yake, aliyeyaacha makaburi na masinagogi yote ya Yerusalemu akamtuma huku. Mwaka mzima hakuwa amelia. Sasa machozi yalimlenga, akainamisha uso wanafunzi wasimwone.

Badria, mkewe Lutfi, alitoka na sinia la chai. "Mwacheni apige mawe," aliwaambia wanafunzi. "Huo ukaidi wa Kiyahudi naujua. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa hivyo hivyo, na alikuwa wa kwenu, Myahudi wa Yafa."

Gershon aliinua uso. "Mama yake nani?"

"Mama yake Lutfi! Kwani mimi nina waume wangapi?"

Gershon aliinuka, akasahau kidole, akamwendea Lutfi mbio. "Bwana Lutfi, wewe ni Myahudi!"

"Tangu lini?"

"Tangu tumboni!"

Lutfi alicheka mpaka akashika tarbushi isianguke. "Asubuhi jirani, jioni ndugu! Ndiyo maana wakasema, aliye juu mngoje chini."

"Nicheke utakavyo. Ila nakuomba, ndugu yangu. Ni mama yangu."

Kicheko kikakoma. "Kwa mama sina neno," alisema Lutfi. "Nitasimama, nitasema amina. Lakini nitaelekea kilele changu, siyo Yerusalemu yenu."

"Elekea hata Misri!"

Naftali alihesabu upya, na neno la kumi likamwangukia Lutfi. Wanafunzi walishangilia kama watu waliofunguliwa kifungoni. Gershon alifuta macho bila kujificha, akaomba maji ya kunawa mikono kabla ya sala, na Lutfi akamwingiza ndani.

Ukutani, juu ya bomba, ilitundikwa picha ya zamani: ukoo mzima umevaa nguo nyeupe kwa Pasaka, hapo hapo mlimani, na kondoo wao mbele. Pembeni alisimama msichana mmoja amemkumbatia kondoo shingo, akicheka.

Gershon aliacha maji yakimwagika. "Huyu nani?"

"Shangazi yangu, dada wa baba. Msamaria halisi, kwa baba na kwa mama," alisema Lutfi. "Kabla sijazaliwa alitoroka na Myahudi wa Yerusalemu. Tulisikia alijidai Myahudi yatima ili wakubali kumwozesha, na siri hiyo hakuitoa hata kwa mumewe. Babu alikataza jina lake lisitajwe, ila picha ilimshinda kuichoma."

Nje, Naftali aliita, "Mwalimu, jua linazama! Tumetimia, tunakungoja wewe tu!"

Gershon alimtazama mama yake, msichana wa miaka kumi na saba, akimcheka kutoka ukutani.

"Hatujatimia," alisema.