Kitanda cha Daktari Nakiete

Siku Nakiete alipofaulu kipimo cha kuwa daktari wa upasuaji, mama yake mwenyewe alikitoa nje kitanda cha bintiye, akampa jirani. Kwa sheria ya sasa, kila daktari wa upasuaji hubadilishiwa protini zinazobeba homoni ya usingizi katika tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo, na tangu hapo halali usingizi tena. Wanaofaa ni wachache mno. Kata nzima alipatikana Nakiete peke yake.

Mwaka ulipopita alikuja likizo, akiwa ameshaponya watu mia nne. Majirani walijaa sebuleni kumpa mkono, na Mama Nakiete akawapakulia wali huku akitembea kifua mbele.

Walipoondoka, Nakiete alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, jana uliota?"

"Niliota. Nilikuona umevaa koti jeupe, unavuka mto, watu wanakupigia vigelegele."

"Nisimulie, Mama. Polepole, usiruke kitu."

Mama akasimulia kwa fahari mpaka mwisho. Nakiete alisikiliza ameinama, midomo wazi, kama mtoto anayelishwa.

"Na nyingine?" akauliza.

Ndoto nyingine hakuwa nayo. Mama Nakiete akamtazama mwanawe, akavuta kigoda, akaanza kutunga.