Reli Inayozunguka Nyumba

Mwanza ya miaka hiyo, treni ya chini ya ardhi haikupita chini ya nyumba ya mtu bila ridhaa yake. Ndiyo maana mhandisi Lubango alifika kwa Bi Kabula, akakaribishwa chai na maandazi.

"Shikamoo, mama. Tunaomba kupita chini ya nyumba yenu."

"Marahaba, mwanangu. Hapana. Mume wangu hapendi mtikisiko."

Lubango hakubisha. Reli ilipindishwa kama ilivyopindishwa kwa majirani, gharama zikapanda tena, na Bi Kabula akaendelea kuifurahia nyumba yake tulivu.

Kisha binti yao Nyamizi akapiga simu kutoka hospitali ya ng'ambo ya mji. "Mama, uchungu umeanza. Njoo unishike mkono."

Bi Kabula na mumewe walipanda treni wakicheka kwa furaha. Treni ikazunguka nyumba hii, ikazunguka ile. Walipofika, mtoto alikwisha kuzaliwa, mzima na mnene.

"Nilikuita sana, mama," Nyamizi alisema.

Bi Kabula alimpakata mjukuu, moyo umejaa. "Treni inazunguka mno, mwanangu," alijibu, bila kumtazama mumewe.